Daraja moja, alama mbili kwenye ramani

Tulikuwa tukijaribu programu ya ramani ya pamoja, ile ambayo vikosi vya nchi mbalimbali huona alama za wenzao papo hapo. Kila kitu kilienda sawa hadi timu mbili zilipoweka alama kwenye daraja lilelile. Alama moja ilikaa kichakani, mita 300 hivi kaskazini na kama 90 magharibi.

Kila mtu alilaumu GPS. Lakini GPS mbovu huyumbayumba. Hitilafu hii ilikuwa ileile kila mahali. Nikaomba ramani ya karatasi ya timu iliyokosea, ya 1:50,000. Pembeni, kwa herufi ndogo: Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwenye ramani za Afrika Mashariki. Programu inatumia WGS 84, mfumo wa GPS, na namba zilezile huangukia mahali tofauti katika mifumo hiyo miwili.

Nilifungua QGIS, programu ya kuchora ramani, nikabadilisha alama zao zote kutoka EPSG:21037 (namba ya Arc 1960) kwenda EPSG:32737 (ya WGS 84), kisha nikazipakia upya. Alama zote mbili zikaangukia darajani.

Kwenye ripoti ya tathmini niliandika kwamba programu ikubali alama za kuandikwa kwa mkono pale tu mtumiaji anapotaja mfumo wa ramani aliyosomea. Kwa mizinga, mita 300 si mchezo. Rangi za vitufe, zilizojadiliwa mchana kutwa, nilizipa mstari mmoja.