Paa ni la Mama, mfereji ni wenu: tulivyogawana matengenezo kwenye parseli yetu Goma

Mimi niko pande zote mbili. Mwenyewe ninapanga mtaa wa Himbi, na kila mwanzo wa mwezi ninapita mtaa wa Katoyi kukusanya kodi kwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba za kupangisha, ya mama yangu: milango minne ya wapangaji, bomba moja, shimo moja la choo. Asubuhi naweza kumlalamikia bayeri wangu, yaani mwenye nyumba ninayopanga, juu ya bomba linalovuja, na mchana nikawa mimi ndiye ninayelalamikiwa. Nilipochoka na hali hiyo nikamwomba Mama tuandike kabisa nani anatengeneza nini, na kwa pesa ya nani.

Sheria tunazo. Dikrii ya mikataba ya 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika Kongo, inamtaka mwenye nyumba aitunze ili iendelee kufaa kwa kazi iliyopangishiwa. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 nayo imeweka mpaka wa garanti ya nyumba ya kuishi, yaani pesa ya dhamana anayoweka mpangaji akiingia: isizidi kodi ya miezi mitatu. (Wanaoomba sita mnawajua.) Lakini sheria haitafika Katoyi kukuambia nani aite watu wa kunyonya choo. Hilo mnakaa mnalizungumza wenyewe.

Tulikaa uani Jumapili moja baada ya ibada, Mama kwenye kiti, wapangaji kwenye benchi. Tukaanza na paa, kwa sababu ndilo lililokuwa likivuja. Goma bati halizeeki kama kwingine. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira una gesi za salfa, zikikutana na mvua zinakuwa tindikali, na hiyo inakula bati pole pole, kuanzia kwenye matundu ya misumari na pale mabati yanapolaliana. Mama akauliza, "Mbona walipoingia halikuvuja?" Mama mmoja wa mlango wa pili, anayeuza unga soko la Virunga, akamjibu kwa heshima zote: "Mama, mimi sijawahi kupanda juu ya bati lako. Volkano ndiyo inapanda." Watu wakacheka, Mama naye akacheka, na paa likawa lake.

Mfereji wa bati unaoteremsha maji ya mvua kwenye tanki tuliwaachia wapangaji wausafishe. Maji hayo wanafulia wao, na majivu na uchafu vikijaa humo, maji yanarudi nyuma na kuozesha mbao za ukingoni. Mtoto akipanda kufuata mpira akatoboa bati, hilo ni la baba yake, halina mjadala.

Nyufa zilituchukua muda kidogo. Baada ya volkano ya 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku nyingi, na kuta nyingi mjini zikapasuka. Mpangaji wetu mmoja alikotoka alilipishwa kuziba nyufa hizo, eti kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani. Huo kwangu ni uonevu mtupu. Tukaandika: kilichoharibika kwa tetemeko, kwa uzee au kwa kazi mbaya ya fundi aliyejenga ni cha Mama, kilichovunjwa na mkono wa mtu ni cha mtu huyo. Vioo, kufuli, balbu na soketi vikapita bila maneno.

Kisha tukafika kwenye shimo, na hapo ndipo kikao kilipokuwa kikao. Kuchimba Goma ni kuvunja jiwe. Chini ya parseli yetu kuna lava ya zamani, wachimbaji wanaingia na nyundo kubwa na mitaimbo, na kila mita unailipia. Ndiyo maana mashimo yetu mengi ni mafupi na yanajaa haraka. Mlango wa nne anaishi mwalimu peke yake. Mlango wa kwanza kuna watu tisa. Tulikuwa tukigawana gharama ya kunyonya kwa milango, sawa kwa sawa.

Mwalimu akasema, "Mimi ninalipia choo cha watu wengine."

Baba wa mlango wa kwanza akasimama. "Mnataka vichwa? Basi mnihesabie hata wale wawili wa pampasi?"

Mama wa unga akawakatiza wote wawili. "Shimo lingekuwa refu, tungekuwa hapa tunagombana? Nani alichimba fupi?"

Mama hakulipenda neno hilo, na alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia, maana ni neno lile lile nililomwambia bayeri wangu kule Himbi. Tukaishia hivi: Mama anatoa nusu ya gharama kwa sababu ya ufupi wa shimo. Nusu nyingine inagawanywa kwa vichwa, pampasi hazihesabiwi, ila mgeni anayekaa zaidi ya mwezi anahesabiwa. Mlango wa choo, sakafu na kuta zake ni vya Mama. Kufagia ni kwa zamu.

Kilichomtisha Mama kuliko vyote ni mpangaji kutengeneza mwenyewe kisha kukata kwenye kodi. Aliona atapigwa bei. Utaratibu tulioweka ni kunitumia kwanza picha kwa WhatsApp. Jambo likiwa la haraka na mimi nimekaa siku tatu bila kujibu, aite fundi, alete risiti ya duka na jina la fundi, akate mwezi unaofuata. Bei za bati na misumari nikipita Birere ninaziuliza, kwa hiyo kunidanganya si rahisi.

Garanti haiguswi mtu akiwa bado ndani. Wapangaji wengi hapa wanaila miezi ya mwisho, wanakaa bila kulipa, kwa hofu kwamba hawatarudishiwa, na mwenye nyumba anabaki na milango iliyovunjika na mkono mtupu. Kwa hiyo siku ya kuingia tunazunguka chumba kwa chumba, tunaandika hali ya kila kitu, tunapiga picha na kutia sahihi pande zote mbili. Mwalimu alipohama tulizunguka tena na karatasi ile. Nikamkata kioo kimoja na kufuli, nikamrudishia dola zilizobaki siku hiyo hiyo aliyotoa ufunguo.

Rangi bado inatushinda. Mama anataka kila anayetoka apake chumba upya. Mimi ninamwambia ukuta ambao mtu aliukuta tayari umepauka hauwezi kudaiwa upya wake. Kwa sasa imeandikwa kwamba Mama ananunua rangi na anayetoka anamlipa mpakaji. Mpangaji mpya wa mlango wa nne ameshasema hatatia sahihi hapo, na Jumapili ijayo tuna kikao kingine.