Elisha Alimwambia Mjane Afunge Mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne ya wiki hii nilimtuma binti yetu mdogo dukani akalete nusu kilo ya sukari na mche wa sabuni, kwa daftari, kama tulivyozoea. Alirudi mikono mitupu, akasimama mlangoni, akasema kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, "Baba, wamesema upite mwenyewe." Hakuongeza neno. Mimi mzee wa kanisa, ambaye Jumapili iliyotangulia nilisimama mbele yenu nikiwahimiza mkamilishe ahadi zenu za ujenzi, nilishindwa kumtazama mtoto wangu usoni.

Deni hilo lilianza mbali kidogo. Mama watoto anauza dagaa hapa Mwanga, Kigoma, na mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana, biashara yake ilikauka. Ziwa lilifungwa, lakini matumizi yetu hatukuyafunga. Tuliendelea kula, kuvaa na kuchangia sherehe za watu kama kawaida, isipokuwa kwamba sasa tulikuwa tunaandikiwa. Ziwa lilipofunguliwa mtaji ulikuwa umekwisha kuliwa, nami nikaenda kwa wale wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu, nikachukua shilingi 300,000 za kurejesha 390,000 ndani ya mwezi mmoja, bila kumwambia mke wangu. Tangu hapo nimekuwa nikichukua mkopo huu ili kuuziba ule, huku nyumbani nikijifanya mkali wa matumizi, nikiuliza kwa nini nyanya zimeisha mapema.

Usiku wa Jumanne nilifungua Wafalme wa Pili, sura ya nne, habari ya mjane na chupa ya mafuta, ambayo nimeihubiri mara kadhaa nikiwa na haraka ya kufika kwenye muujiza wa chupa moja kujaza vyombo vingi. Safari hii nilikwama mwanzoni kabisa. Marehemu mume wa mjane huyo alikuwa mcha Mungu. Mkewe anamkumbusha nabii Elisha jambo hilo, na Elisha halikanushi. Hata hivyo mcha Mungu huyo aliacha deni, na mdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Maandiko hayasemi kama mke alilijua deni hilo mumewe alipokuwa hai. Nilijiuliza swali hilo hadi jogoo wakawika.

Kisha nikaona neno ambalo nimekuwa nikilipita. Kabla tone moja halijamiminwa, nabii anamwambia mama yule aingie ndani na kujifungia mlango, yeye pamoja na wanawe. Wapendwa, wale vijana ndio waliokuwa wakidaiwa miili yao, na nabii hakutaka watumwe kucheza nje wakati mama anahangaika peke yake na siri yake. Waliingizwa ndani, wakaona chupa ilikuwa na kiasi gani, wakawa wanamletea mama vyombo huku akimimina. Sisi tunafanya kinyume chake: mlango tunauacha wazi kwa mdai, tunapokea simu yake nyuma ya nyumba, lakini mbele ya mke na watoto tumejifunga kwa kufuli. Utabana matumizi namna gani na watu wasiojua kwa nini wanabanwa? Mtoto anayeona sukari imepungua bila maelezo atadhani hapendwi, na mke anayepunguziwa fedha ya mboga bila kuambiwa ukweli atakopa kwingine ili sufuria isimwaibishe, na hapo nyumba moja itakuwa na madaftari mawili.

Jumatano jioni, baada ya chakula, nilifunga mlango. Niliwaambia yote, pamoja na ya kausha damu. Mke wangu alinyamaza kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Baba, mimi nilijua una jambo, nikasubiri useme." Akamwambia binti alete daftari la shule lenye kurasa tupu.

Tuliandika kila shilingi inayotoka, na aibu yangu ikaongezeka, kwa sababu fungu langu ndilo lililovuja kuliko yote. Chai na chapati za kazini shilingi 1,500 kwa siku, vifurushi vya intaneti shilingi 1,000 kwa siku, na bodaboda kwa njia ambayo baba yangu aliitembea kwa miguu hadi uzeeni. Jikoni, ambako nimekuwa nikilaumu, kosa lilikuwa moja tu, nalo si la uzembe: tunanunua kila kitu kwa kupimiwa. Mkaa wa shilingi 2,000 kila siku hufika 60,000 kwa mwezi, ilhali gunia la 40,000 lingetutosha mwezi na siku kadhaa. Asiye na fedha ya gunia hulipa kuliko mwenye nayo. Mke wangu ndiye aliyekumbuka kwamba mjane aliambiwa aazime vyombo kwa majirani, na vitupu, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kukopa fedha. Amezungumza na majirani wawili ili tununue gunia la mkaa na dumu la mawese kwa pamoja, kila mmoja aje na ndoo yake. Dagaa wa kula nyumbani atawaweka wakati wa giza wanapopatikana kwa wingi, badala ya kusubiri mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika na bei ikapanda.

Sasa niseme na wanaume wenzangu, nami nikiwa wa kwanza kukemewa. Ndugu, usianze kukata kwenye sahani ya watoto kabla hujakata kwenye mfuko wako wa shati. Na usitoe mchango wa harusi wa kutajwa jina kwa kipaza sauti wakati mwenye duka, ambaye naye ana watoto, anasubiri fedha yake huu mwezi wa tatu sasa. Tazameni mpangilio wa Elisha: uza mafuta, lipa deni, kisha wewe na wanao mtumie yaliyosalia. Sisi tunakula kwanza, na deni tunalilipa kwa masalio, ambayo hayapo.

Alhamisi nilipita mwenyewe dukani, kama nilivyoitwa. Deni ni shilingi 186,000. Nilipeleka 20,000, nikamwomba msamaha, nikamwomba pia asituandikie tena hata kama tutakuja na machozi. Alicheka, akapiga mstari chini ya jina langu. Kwa mkopeshaji yule mwingine bado sijafika. Tumekubaliana kwenda wote wawili Jumatatu, mimi na mke wangu, tukaone karatasi nilizosaini bila kuzisoma. Mtuombee siku hiyo.

Kama yuko kati yenu mwenye simu anazozipokelea nyuma ya nyumba, anikute Alhamisi ijayo baada ya maombi. Fedha ya kumpa sina, ila tutaketi na daftari, na ninamwomba aje pamoja na mwenzake.