Siku yangu moja fildi: nani aliwasha moto saa tisa usiku?

Watu wakisikia nafanya kazi ya utafiti wanadhani nimevaa koti jeupe niko maabara nakoroga vitu kwenye chupa, kumbe muda huo nina matope mpaka magotini na begi limejaa betri. Mi nimesomea sosholojia. Mradi wetu ni wa majiko ya kuni ya kupunguza moshi na tuko watatu, injinia anayelichora na kulijaribu jiko, dada wa afya ya jamii anayepima moshi wanaovuta akina mama, na mimi ambaye kazi yangu ni kukaa jikoni kwa watu kuuliza maswali mpaka wanichoke. Tuko kijiji kimoja chini ya milima ya Uluguru, Morogoro. Hii ilikuwa Jumatano.

Saa 11 alfajiri
Alamu inalia. Umeme wa gesti ulikatika usiku wa manane na mi nililala nimeacha pampu sita kwenye chaji, kwa hiyo kitu cha kwanza sio mswaki, ni kuangalia taa. Nne kijani, mbili nyekundu. Hizi pampu ni ndogo tu kama redio ya mfukoni, zinavuta hewa kidogo kidogo saa 24 na kuipitisha kwenye kichujio cha duara cheupe, mama anaivaa kwenye kizibao akilima, akipika, akienda kisimani, na betri ikizima kabla ya muda basi kaya nzima unaanza upya. Nikakimbilia kwa jamaa wa duka mwenye sola akanichajia, wala hakutaka hela, na alikuwa hata hajanawa uso.

Saa 1 asubuhi
Bodaboda, mshikaki, mi na dada wa afya nyuma na boksi la vifaa mapajani. Tukapita kwanza ofisi ya kijiji kusaini kitabu, barua tunazo, kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kipo kwenye faili limekunjika kona zote. Hapo nikakumbuka wiki ya kwanza tulivyoharibu. Kwenye mkutano injinia akasimama akasema tumekuja kuweka sensa jikoni, mzee mmoja akanyoosha mkono, "sensa si mlishafanya 2022, mbona mnarudi, mnataka kuhesabu masufuria?" Kijiji kizima kicheko. Yeye alimaanisha "sensor", vile vifaa vya kupima joto, kwa hiyo tangu siku hiyo ni vipima joto basi.

Saa 2 na nusu
Kaya namba 17. Shikamoo, marahaba, habari za kulala, mgongo unaendeleaje, mjukuu kapona mafua? Ukiruka hizo ukaenda moja kwa moja kwenye pampu umekwisha. Mama wa hapa ni mcheshi, nyumba yake safi, jiko letu jipya kaliweka pembeni ya mafiga yake matatu na anasema analipenda sana. Tukachukua kizibao, tukatoa kichujio. Kilienda cheupe kama karatasi, kimerudi rangi ya masizi. Kinachopimwa pale ni zile chembe ndogo kabisa, mikromita 2.5 kushuka chini, ambazo pua haizizuii zinakwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema kwa saa 24 wastani usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Kwenye majiko ya huku nikiona namba yenye tarakimu tatu wala sishtuki tena.

Saa 4
Tumekaa chini ya mwembe tunapakua data za vipima joto kwenye laptopu. Kimoja kimefungwa kwenye jiko jipya, kimoja kwenye mafiga, kila dakika kumi kinaandika joto. Sasa kaya ya 17, grafu ya mafiga inapanda ghafla saa tisa usiku, inakaa juu mpaka karibu saa kumi na mbili, inashuka. Sio siku moja, ni Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili kimya.

Nikafungua dodoso langu mwenyewe. Swali la 14, "kwa siku unapika mara ngapi na saa ngapi?" Jibu, mara tatu, saa moja asubuhi, saa saba, saa moja usiku. Kwenye mafiga? Mara chache, maharage tu.

Injinia akasema hiyo ni saa ya kifaa, kitakuwa kinasoma saa za dunia ambazo sisi tumezizidi masaa matatu, kwa hiyo saa tisa usiku hapo ni saa kumi na mbili asubuhi, anachemsha chai. Hoja ilikuwa nzuri, tukaangalia mipangilio, hapana, kifaa kiko saa za kwetu. Akahamia kwangu, labda mdadisi alisikia saa tatu akaandika 3:00. Hilo nalo huwa linatokea kweli, nishawahi kukuta mtu kaandika kaya inakula chakula cha mchana saa 7:00 kompyuta ikakisoma cha asubuhi, lakini kipima joto hakisikii Kiswahili.

Dada wa afya akaleta la kwake. Kizibao kina kitu cha kupima mtikisiko ili tujue kama mama kakivaa. Saa tisa mpaka saa kumi na mbili kimetulia tuli. Yani moto unawaka na mama kalala. "Kipima joto kibovu, tuitoe hiyo kaya," akasema injinia. Dada akasema kutoa kaya kwa sababu hujaielewa ni dhambi. Wakabishana hapo kama nusu saa, mi nakula embe.

Saa 6 mchana
Nikarudi mwenyewe. Kosa ambalo ningelifanya miaka mitano nyuma ni kumwambia mama kifaa kinaonyesha uliwasha moto usiku, hapo unamgeuza mshtakiwa na hutapata kitu. Nikamkuta anachambua mchele, nikakaa kwenye kigoda nikachambua naye. Afu nikamwambia, mama hebu nisimulie jana tangu ulipofumbua macho.

"Niliamka saa tisa mwanangu, nikawasha moto, nikaangalia unga wangu kama umeumuka..."

Unga wa nini mama?

"Wa vitumbua. Saa kumi na mbili lazima viwe pale stendi, wale vijana wa bodaboda na watoto wa shule ndo wateja wangu."

Nikamuuliza kwa upole mbona siku ile hukunitajia. Akanitazama kama mi ndo mgonjwa. "We si uliniuliza napika mara ngapi? Kupika si kupikia familia. Vile ni biashara, wanangu wenyewe wakitaka wananunua."

Na kizibao? "Mlisema nikilala nikitundike karibu na kitanda, nikakitundika. Sa niamke nikivae nikakirushie mafuta, na mlisema ni cha bei kubwa? Nikikiharibu nani atakilipa?"

Nilikaa kimya kidogo. Yani yale masaa matatu anayokaa ameinama juu ya moshi mzito kuliko wote wa siku, dodoso halikuyaona kwa sababu ya neno moja, na pampu haikuyaona kwa sababu ya adabu yake. Kaya namba 17 kwenye majedwali yetu ilikuwa inakwenda kuonekana kama mafanikio.

Nikamwita injinia aje. Akamuuliza, sasa kwa nini usikaangie kwenye jiko jipya? Mama hakujibu, akaleta kile chuma cha vitumbua chenye mashimo, akakiweka juu. Moto wa jiko letu unapanda kwenye shingo nyembamba unapiga katikati tu, ndo umelifanya lichemshe maji haraka, kwa hiyo kitumbua cha katikati kinaungua na vya pembeni bado uji. Injinia akachuchumaa, akapima kile chuma kwa rula pande zote, akakipiga picha. Hakusema kitu muda mrefu na sio kawaida yake.

Saa 8
Chakula kwa mama ntilie, ugali maharage na mchicha. Injinia anamwangalia mpishi anavyosonga badala ya kula.

Saa 10 jioni
Kwenye daladala kurudi mjini, vichujio viko kwenye kikasha cha baridi, vitakaa chumba chenye joto na unyevu usiobadilika ndipo vipimwe kwenye mizani. Njiani dada akaanza habari za Malawi, ule utafiti uliotoka kwenye jarida la tiba la Lancet 2017, watoto zaidi ya elfu kumi, kaya zikapewa majiko yaliyoboreshwa na nimonia kwa watoto haikupungua. Ukaja mwingine wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito 3,200 hivi, nusu wakapewa gesi bure kabisa, moshi ukashuka sana lakini matokeo ya 2022 yakaonyesha uzito wa watoto wakizaliwa haukupanda kama walivyotegemea. Sababu zinajadiliwa mpaka leo, na moshi wa majirani na wa takataka umo. Dada akasema, "na sisi tungeandika jiko halijasaidia, kumbe hatujui nani alikuwa anavuta nini saa ngapi." Kondakta akadai nauli ya boksi.

Saa 2 usiku
Naandika swali la 14 upya. Limekuwa "moto unawashwa saa ngapi, na wa nini?", na chini yake orodha, chakula, vya kuuza, maji ya kuoga, pombe, chakula cha nguruwe. Pia barua kwa kamati ya maadili maana huwezi kubadilisha dodoso katikati ya utafiti kienyeji, na kaya zote tulizokwishauliza inabidi turudi. Zote! Dada anatafuta kizibao cha kitambaa cha kufua ili mama asiogope mafuta.

Saa 4
Alamu nimeweka saa nane kasoro robo, mama kasema tukitaka kuona tuwahi kabla hajawasha. Injinia kanitumia meseji, ananiuliza nina hela ndogo ndogo, vitumbua anauza mia mia.