Taa Moja ya Njano: Tunavyopanga Filamu Fupi Kando ya Ziwa Tanganyika

Filamu fupi tunayoiandaa kwa ajili ya kazi ya mwisho ya chuo itachukua takriban dakika 12, na karibu zote zitakuwa za usiku. Wanafunzi wengi wa filamu huandika hadithi hadi ikakamilika, kisha ndipo humwita mpiga picha na kumuuliza itaonekanaje. Kwetu sisi mambo hayo mawili yalikuja kwa pamoja, kwa sababu hadithi yenyewe inahusu taa ya kuvulia dagaa, na taa hiyohiyo ndiyo itakayotupatia mwanga wa kupigia picha.

Kwa msomaji asiye mwenyeji wa Kigoma, ni vema nieleze kidogo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa husogelea mwanga, migebuka nao huwafuata dagaa, kisha wavu huinuliwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa nyingi ni taa za LED zinazotumia betri, na mwanga wake ni mweupe wenye ubaridi wa buluu. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena ya kuwavuta samaki, hivyo wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Jambo la pili la kufahamu ni kwamba mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Hadithi yetu inaanza jioni ya mwisho kabla ya kufungwa huko.

Mhusika mkuu ni mama wa makamo anayekodisha taa kwa wavuvi katika mwalo, yaani ufuo wa kutia nanga boti za uvuvi, ulio jirani na Kibirizi hapa Kigoma. Kila jioni anazitoa zikiwa zimechajiwa, na kila alfajiri anazipokea na kuzihesabu. Katika usiku huo wa mwisho kijana mmoja anachukua taa nne na kurudisha tatu. Mazungumzo yao, kama yalivyo kwenye muswada kwa sasa, ni mafupi mno:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ya nne iko wapi?"

"Imezama, mama. Nitailipa."

Mama haamini, na mtazamaji naye asiamini. Taa isiyorudi usiku wa kuamkia kufungwa kwa ziwa ni taa ambayo mtu ameificha ili aendelee kuvua kwa siri, na kila taa ya mama huyu ina alama yake aliyoipaka kwa rangi. Ikikamatwa ziwani, itasemwa kuwa ni yeye aliyeitoa. Amnyamazie kijana ambaye huenda ana watoto wa kulisha, au aende kwa viongozi wa mwalo? Sehemu ya pili ya filamu yote ni yeye na swali hilo, na hakuna anayelitamka.

Hapo ndipo rangi ilipoingia. Tatizo letu lilikuwa hili: wiki kadhaa baadaye mama anakaa nje ya nyumba yake, analitazama ziwa lililokuwa jeusi tupu, na mara anaona nukta moja ya mwanga mbali. Atajuaje, nasi tutajuaje, kwamba ni taa yake? Rasimu ya kwanza ilikuwa na jirani anayekuja kumweleza, jambo ambalo lingeifanya picha iwe kielelezo cha maneno tu. Tukaamua kwamba taa ile ya nne iwe kuukuu na tofauti na nyingine, yenye mwanga wa njano, na kwamba tangu dakika ya kwanza njano isionekane mahali pengine popote katika filamu. Nguo, ndoo, boti, kuta za nyumba, vyote vitakuwa vya kijivu, kijani kilichokolea au buluu iliyochujuka. Mtazamaji akiiona njano mara ya kwanza mikononi mwa mama, mara ya pili kwenye mtumbwi unaoondoka, basi mara ya tatu itakapotokea katikati ya ziwa hatahitaji kuambiwa chochote.

Wazo ni rahisi kulisema na gumu kulitekeleza, kwa sababu kamera haioni kama jicho. Nukta ndogo ya mwanga mkali ndani ya giza hupita uwezo wa kamera na kugeuka nyeupe kabisa, hata kama taa yenyewe ni ya njano kama ganda la embe bivu. Ukiongeza usikivu wa kamera ili ufuo uonekane, ndivyo unavyozidi kuiua rangi ya taa. Njia iliyobaki ni kuipunguza taa yenyewe nguvu: kuifunika kwa tabaka mbili au tatu za plastiki ya rangi ya chungwa zinazotumika kwenye taa za studio, hadi jicho lililo karibu nayo lione kwamba imefifia, na kuacha tundu la lenzi likiwa wazi sana, katika f/1.8, ili lipitishe mwanga mwingi. Kipimo cha rangi ya mwanga tutakifunga katika Kelvini 4,300 hivi, katikati ya joto la balbu ya kizamani na ubaridi wa LED, ili nyeupe zielekee buluu na njano ibaki njano. Kukiacha kipimo hicho kijirekebishe chenyewe ni hatari, kwani kamera itajitahidi kulisahihisha jambo ambalo sisi tumelikusudia. Jaribio jingine la lazima ni la taa za LED za bei nafuu, ambazo nyingine humetameta kwa kasi isiyoonekana kwa macho lakini huacha mistari myeusi kwenye picha. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ikipigwa kwa 1/50 ya sekunde, tutajua ipi inafaa na ipi irudishwe dukani.

Kamera tumeipa kanuni moja: inakaa nchi kavu, kwenye stendi, kimo cha mtu aliyeketi kwenye kigoda, na haisogei mpaka mtu asogee na taa. Kanuni hii ina faida kwa mfuko wetu, kwa kuwa hatuhitaji kupanda na vifaa vya kuazima kwenye mtumbwi usiku, lakini sikuichagua kwa ajili hiyo. Mama huyu hajawahi kuvua. Anachokijua kuhusu ziwa ni kile kinachoonekana kutoka ufukweni, na sioni kwa nini kamera ijue zaidi yake. Michoro ya picha, ambayo kwa kawaida huchorwa kwa penseli kwenye karatasi nyeupe, tumeichora kwa chaki kwenye karatasi nyeusi. Ukianza na karatasi nyeupe unajikuta unaongeza vivuli. Ukianza na nyeusi, kila mstari unakulazimisha useme mwanga huo umetoka kwa nani. Michoro kadhaa niliyoipenda sana iliangukia hapo, kwa kukosa jibu.

Nimeshauriwa na zaidi ya mtu mmoja kuiingiza meli ya MV Liemba, au stesheni ya reli ya enzi za Wajerumani, au miembe ya Ujiji inayokumbusha kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871. Naelewa hamu hiyo. Meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, inastahili filamu yake. Lakini mama wa taa hana shughuli nayo usiku huo, na picha ya kuwathibitishia watu wa mbali kwamba hapa ni Kigoma haina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Vichanja vya dagaa na vilima vya Kongo ng'ambo ya maji vinatosha.

Vilima hivyo vinatukumbusha pia suala la saa. Kigoma iko magharibi mwa nchi, na jua huchwa hapa takriban dakika 40 baada ya kuchwa Dar es Salaam, ilhali saa za ukutani ni zilezile. Karibu mwaka mzima huzama kwenye saa moja jioni, na mwezi Februari husogea karibu na saa moja na nusu. Baada ya hapo tunapata kama dakika 20 za mwanga wa buluu ambao kamera bado inauona ufuo, sura za watu na taa zilizowashwa kwa pamoja. Onyesho lote la kukabidhi taa limeandikwa ili litoshe ndani ya dakika hizo, kwa sababu giza likiingia kabisa hatuna uwezo wa kumulika mwalo mzima.

Upande wa sauti hauna mengi. Adhana ya Ishaa itafungua usiku na ya Alfajiri itaufunga, na katikati yake ni injini za boti zikienda mbali. Kipaza sauti kitahitaji kifuniko cha manyoya, maana upepo wa ufukweni hausubiri mtu aseme "kimya".

Ratiba ndiyo iliyotusumbua kuliko yote, hadi tulipoacha kupanga kwa siku za juma tukaanza kupanga kwa mwezi wa angani. Usiku wa kwanza, ambao ziwa linatakiwa kujaa taa, tutaupiga picha siku za giza, wavuvi halisi wakiwa kazini. Ziwa lililofungwa tutalipiga siku za mwezi mpevu, wakati wavuvi wengi wamepumzika wenyewe na maji hayana taa. Mwezi mpevu huchomoza nyuma yetu, juu ya vilima vya mashariki, hivyo kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita usiku utakuwa ukiliangaza ziwa kutoka upande wa kamera bila sisi kulipia taa hata moja. Baadaye unapoelekea magharibi huanza kumeta juu ya maji mbele ya lenzi, na nukta yetu ya njano itamezwa. Kwa mtumbwi mmoja utakaoibeba taa, mita mia chache tu kutoka ufukweni, tumekwisha kuzungumza na viongozi wa mwalo, na kibali cha kupiga picha kinafuatiliwa. Kinachosubiriwa sasa ni mwigizaji wa mama kuukubali mwisho usio na maneno. Mwalimu wetu bado anataka aseme sentensi moja, nami bado nakataa.