Nilivyojiandaa kwa mtihani wa cheti cha kreni Marekani

Opereta aliyezoea kreni Mombasa au Dar es Salaam akija kufanya kazi hiyo Marekani, mikono haimsumbui. Kinachomsumbua ni karatasi. Tangu tarehe 10 Desemba 2018, kanuni za OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, zinamtaka opereta wa kreni ya ujenzi yenye uwezo wa zaidi ya pauni 2,000 awe na cheti, isipokuwa kama bado ni mwanafunzi chini ya msimamizi. Wengi hukipata kupitia NCCCO, shirika linalotahini maopereta wa kreni, ambalo siku hizi hujiita CCO. Kuna mtihani wa maandishi wa jumla, mtihani wa maandishi wa aina ya kreni, kisha wa vitendo. Mimi nilichagua kreni ya teleskopu, yaani yenye bumu (mkono wa kunyanyulia) inayorefuka na kufupika, ambayo kibanda chake huzunguka pamoja na bumu hiyo, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikienda kuiendesha. Hakuna faida ya kuchagua aina iliyo rahisi kwenye karatasi kama kazini utapewa nyingine.

Kwanza nilijikataza kubadili pauni kuwa kilo. Ukibadili kila namba, muda unakwisha na makosa yanaingia. Afadhali ujifunze kufikiri kwa futi na pauni moja kwa moja. Tani ya Kimarekani ni pauni 2,000, yaani kilo 907 tu, si 1,000. Futi moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu pauni 150, ya chuma 490, ya maji 62.4. Bamba la chuma la unene wa inchi 1 lina karibu pauni 40 kwa kila futi ya mraba. Boriti iliyoandikwa W12x50 ina pauni 50 kwa kila futi ya urefu. Ya futi 30 ni pauni 1,500. Ukiwa na namba hizo kichwani, utajua uzito wa mzigo hata kama swali halikuutaja.

Sehemu kubwa ya muda wangu ilikwenda kwenye chati ya mzigo, jedwali linaloonyesha kreni inaweza kubeba uzito gani kwa kila umbali, na ningerudia hivyo hivyo. Tuseme bumu ni futi 70, miguu ya kuegemeza kreni imetolewa yote, na radiasi uliyopima (umbali kutoka katikati ya kreni hadi ndoano) ni futi 37. Chati ina mstari wa futi 35 wenye pauni 24,600 na wa futi 40 wenye pauni 20,200. Hakuna kukisia namba ya katikati. Unakwenda kwenye radiasi kubwa, 40, na unachukua 20,200. Sasa unatoa kila kinachoning'inia na kila kilichobebwa na bumu: bloku ya ndoano 700, ndoano ndogo yenye mpira wa chuma 200, bumu ya nyongeza iliyokunjwa ubavuni 1,100, slingi (kamba za kufungia mzigo) na shakeli (vyuma vya kuziunganisha) 250. Jumla 2,250. Kinachobaki ni 17,950. Mzigo wako ni 18,300, kwa hiyo haunyanyuliwi.

Hesabu hiyo ina mitego mitatu. Aliyetumia mstari wa 35 atapata 22,350 na kuona mzigo unapita. Aliyekisia katikati atapata 20,590, naye ataona unapita. Aliyesahau kutoa vile vitu ataishia kwenye 20,200, vilevile unapita. Majibu yote hayo yanaweza kuwekwa kwenye machaguo, kwa hiyo kuliona jibu lako kwenye orodha hakuthibitishi chochote. Uzito wa kutoa kwa ajili ya bumu ya nyongeza haukisiwi pia: uko kwenye maelezo ya chini ya chati, na hubadilika kulingana na pale ilipokunjwa. Nilijizoeza kusoma maelezo hayo kabla ya kugusa namba yoyote.

Radiasi hupimwa kwa mlalo, kutoka katikati ya mzunguko wa kreni hadi katikati ya ndoano, mzigo ukiwa hewani. Bumu ikipokea uzito hupinda, na radiasi huongezeka. Ndiyo maana mzigo uliokuwa sawa chini unaweza kuzidi uwezo baada ya kunyanyuka. Na usidanganyike na akiba: namba za Marekani za kreni iliyosimama kwenye miguu zinazotokana na uthabiti hazizidi asilimia 85 ya mzigo wa kuipindua. Asilimia 15 inayobaki si yako. Mahali pengine kwenye chati kinachovunjika kwanza ni chuma chenyewe, na hapo hutapata dalili ya kreni kuinuka upande mmoja.

Slingi zina kanuni fupi: gawa urefu wa mguu wa slingi kwa kimo chake cha wima, zidisha kwa mzigo, gawa kwa idadi ya miguu. Mzigo wa pauni 10,000 kwa miguu miwili ya futi 10 yenye kimo cha futi 5 unaweka pauni 10,000 kwenye kila mguu. Hiyo ni pembe ya digrii 30 kutoka mlalo. Kwa digrii 60 ingekuwa karibu 5,775.

Kamba ya waya inayopita kwenye puli huondolewa ikiwa na nyaya 6 zilizokatika katika mzunguko mmoja wa uzi (urefu ambao uzi mmoja huizunguka kamba mara moja), au 3 katika uzi mmoja ndani ya mzunguko huo. Ile isiyojisokota ina hesabu yake: 2 katika urefu wa vipenyo 6, au 4 katika vipenyo 30. Kipenyo kikipungua zaidi ya asilimia 5, imekwisha. Pima kwenye migongo ya nyuzi, si kwenye mabonde. Kwenye ngoma inayozungushiwa kamba zibaki angalau duru mbili.

Umbali wa kukaa na nyaya za umeme: hadi kilovolti 50 ni futi 10, juu ya hapo hadi 200 ni futi 15, hadi 350 ni futi 20. Usipojua volti kamili ila una uhakika hazizidi kilovolti 350, kaa futi 20.

Ishara za mkono hazikunichosha, ila ile ya kupandisha bumu huku mzigo ukishushwa huchanganya wengi: kidole gumba juu, vingine vikifunguka na kufumba. Ishara ya kusimama hutiiwa hata ikitolewa na asiye mtoa ishara.

Kwa vitendo, ambavyo hufanywa ndani ya miezi 12 baada ya kufaulu maandishi, unashusha mpira wa chuma kwenye pipa na kupitisha mzigo kwenye njia ya kona bila kuangusha alama. Nilichokazania ni kutuliza mzigo unaobembea: unaufuata kwa ncha ya bumu na kuifikisha juu yake pale unapofika mwisho wa mbembeo, badala ya kuvuta kinyume. Cheti hudumu miaka 5, lakini mwajiri bado lazima akupime kwenye kreni yake mwenyewe kabla hajakuacha peke yako.