Nilivyopanga ratiba ya chuo kwa kuanzia maabara

Muhula ulipokaribia nilikabidhiwa kazi ya kupanga ratiba ya vipindi ya chuo ninachofundisha hapa Tanga. Kila mwaka mambo yalikuwa yaleyale: wiki ya kwanza mikondo miwili inakutana mlangoni mwa maabara ya kompyuta, wakufunzi wanatupiana maneno, na wanafunzi waliotoka Pongwe alfajiri wanarudi kwao bila kugusa mashine. Hilo lilikuwa linaniuma. Nauli ya daladala kwa mtoto wa watu si kitu kidogo.

Waliotangulia walikuwa wakianza na Jumatatu kipindi cha kwanza, kisha wanajaza kushuka chini. Mimi nilianza kwa kuhesabu. Maabara ni moja, na vitendo vinataka saa mbili mfululizo. Kwa siku unapata nafasi tatu: saa 2 hadi 4, saa 4 hadi 6, kisha saa 8 hadi 10 jioni. Ijumaa inakaa vilevile, maana kuanzia saa 6 hadi 8 ni muda wa sala, na hapa Tanga muda huo hauguswi. Siku tano, nafasi 15.

Mikondo ni 6, kila mmoja unahitaji vitendo mara mbili kwa wiki. Hapo ni 12, inaenea. Ila mikondo miwili ina wanafunzi zaidi ya 40, na kompyuta zinazowaka ni 22, kwa hiyo ni lazima kila mmoja ugawanywe. Jumla ikawa 16.

Niliirudia hesabu hiyo mara tatu, kisha nikampelekea mkuu wa taaluma. Akaitazama karatasi, akanyamaza kidogo. "Mwalimu, kumbe miaka yote tunagombania nafasi ambayo haipo!"

Tulikubaliana kuongeza nafasi moja, Jumanne saa 10 hadi 12 jioni. Mkondo mmoja mkubwa nikaugawa kwa makazi: wa bweni wachukue hiyo ya jioni, wanaotoka mbali waingie asubuhi.

Baada ya maabara nikawaweka wakufunzi wa muda, ambao siku zao hazisogezeki. Wa uhasibu anapatikana Jumanne na Alhamisi tu. Mwingine anatoka Muheza kwa basi, sikumpa kipindi cha saa 2. Masomo ya kawaida yakaja mwisho, nayo yakajipenyeza yenyewe.

Kazi hiyo niliifanyia sakafuni, juu ya karatasi ya manila, kwa vipande vya karatasi vya kuwakilisha vipindi, kila mkufunzi na rangi yake. Feni ilivipeperusha vipande usiku wa kwanza. Wa pili nikavigandisha juu ya vifuniko vya soda. Ilipokaa sawa nikaihamishia kwenye Excel, nikaweka fomula: jina likitokea mara mbili katika saa moja, kisanduku kinageuka chekundu. Vilijitokeza viwili. Kimoja nilikirekebisha kwa dakika chache, cha pili kilinichukua jioni nzima, kwa sababu ukisogeza kipindi kimoja unagonga cha mwingine, ukikisogeza na hicho unagonga cha tatu.

Wiki ya kwanza ilipita bila watu kukutana mlangoni. Sasa tumeambiwa muhula ujao unaongezwa mkondo wa saba, na vitendo vinakuwa 18. Barua ya kuomba kompyuta zaidi nimeshaiandika, hesabu nimeiambatanisha.