Nilivyoonyesha Oscar Mwanjelwa kwa betri ya Fuso

Kila niliyemwambia alinijibu hivyo hivyo: subiri marudio. Ilikuwa Februari 2017, nimeamua kibanda changu cha video hapa Mwanjelwa, Mbeya, kionyeshe mubashara tuzo za Oscar, zile za filamu za Marekani, na watu wanaokesha kuangalia ndondi za Las Vegas ndio wananiambia nisubiri marudio jioni! Mwingine, mwenye simu kubwa, akasema nisihangaike na king'amuzi, ninunue bando tu, mtandaoni wanaonyesha bure. Nikamsikiliza. Nilikaa nikitazama sanamu la dhahabu likizunguka, chini yake maandishi mekundu "LIVE", na kiunganishi kinachoniomba namba ya kadi ya benki. Kadi yenyewe sina.

Nikarudi kwenye king'amuzi, nikalipia kifurushi. Shida iliyobaki ilikuwa umeme. Mtaani kwetu ulikuwa unakatika kila mvua ikipiga, na Februari ya Mbeya mvua hupumzika lini? Oscar huko Los Angeles ni jioni ya Jumapili, kwetu mwaka ule ilianza saa 10 na nusu alfajiri ya Jumatatu, na ilitakiwa iishe watu wameshakunywa chai.

Jirani yangu ana Fuso ya kubeba viazi kwenda Dar. Safari yake ilikuwa Jumatatu saa 2 asubuhi, kwa hiyo usiku ule gari limelala tu na betri zake. Nikamwomba moja. Akakubali kwa masharti: "Mwanangu, saa 2 kamili nakuja na spana. Sitaki hadithi."

Sasa hapa ndipo fundi wa mtaa alipojitokeza. Fundi huyu huwa haulizwi. Akasema moja ya nini, chukua zote mbili kama zilivyofungwa, zitadumu mara mbili. Ikaniingia akilini! Tukazibeba, nzito kama jiwe la kusagia, tukaunga waya kwenye inveta yangu, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ilipiga filimbi ndefu, ikatulia, kisha ikatoa moshi mwembamba wa buluu kupitia vile vitundu vya pembeni, taratibu, kama mzee anayevuta kiko. Fuso inatumia volti 24: betri mbili za volti 12 zimefuatanishwa. Inveta yangu ni ya volti 12. Fundi aliinusa, akatikisa kichwa, akasema, "Hii ilikuwa na tatizo toka mwanzo." Sijawahi kuidai hela yake, ila na salamu tulipunguziana.

Saa 4 usiku nikagonga kwa kinyozi, nikaazima inveta yake kwa elfu tano, au saba, sikumbuki. Betri moja tu safari hii, ya volti 12, saizi ya N70. Nilichomoa spika kubwa, nikapunguza mwanga wa runinga, nikapiga marufuku mtu kuchaji simu. Runinga ya inchi 32 na king'amuzi havili umeme mwingi, betri iliyojaa inavibeba saa nne na zaidi. Anayeua betri ni yule wa "naomba nichomeke kidogo tu".

Walikuja kumi na saba, wamejifunika mablanketi, kiingilio 1,000 pamoja na chai ya tangawizi. Mtafsiri ni mimi mwenyewe, kwa sauti ile ya muvi za kutafsiriwa. Tuzo ya kwanza, ya mwigizaji msaidizi wa kiume, ikaenda kwa Mahershala Ali, na aliposhukuru nikawaambia mke wake amejifungua siku nne zilizopita. Mama wa chai akaweka birika chini. "Siku nne, baba? Na yeye yuko kwenye sherehe?" Kabla sijamtetea, umeme ukakata. Nilihamishia waya kwenye inveta gizani, king'amuzi kikachukua muda wake kuwaka, lakini picha ikarudi. Nilipigiwa makofi kuliko Mahershala.

Hayo mengine yalikwenda vizuri, nisiwachoshe. Niruke hadi tuzo ya mwisho, ya filamu bora. Tulikuwa tumewekeana dau la kreti ya soda: wengi walisema La La Land, maana iliingia na uteuzi mara 14, sawa na Titanic. Vijana wanne wa chuo waling'ang'ania Moonlight. Mwigizaji mkongwe Warren Beatty akafungua bahasha, akaitazama, akachungulia ndani tena, akampa mwenzake Faye Dunaway, naye akasoma La La Land. Nikatangaza mshindi kwa mbwembwe zote. Soda zikafunguliwa.

Jukwaani watu wanashukuru, nyuma yao wengine wanapishana na karatasi. Halafu mmoja wa watayarishaji wa La La Land, Jordan Horowitz, akasogelea kipaza sauti, akasema Moonlight ndio walioshinda. Mimi bila kusita nikatafsiri: "Anasema ni mtu wa heshima, anawakaribisha na Moonlight nao wapande, ushindi ni wa wote."

Kijana mmoja wa chuo akasimama. "Kaka, hajasema hivyo."

"Wewe unatafsiri au mimi?"

Ndipo Horowitz akainua kadi, kamera ikaivuta hadi maandishi yakajaa kioo. Hapo hata asiyejua Kiingereza alisoma mwenyewe. Beatty na Dunaway walikuwa wamepewa bahasha ya mwigizaji bora wa kike, ya Emma Stone wa La La Land. Nilitazama chupa: kumi na mbili wazi, moja inabubujika mkononi mwa kinyozi. Kreti ya pili niliinunua mimi.

Jirani yangu alikuwa mlangoni muda wote huo na spana yake, saa 2 imeshapita, mdomo wazi kama sisi. Barry Jenkins, mwongozaji wa Moonlight, akashika kipaza sauti. Jirani akazinduka, akasema "viazi vinaoza," akainama, akalegeza nati. Runinga ikazima. Ikabaki mvua kwenye bati, na watu kumi na saba wamenigeukia mimi niwatafsirie.